Idondoshe Pistoni, Mtani

Dubai, 9 Machi 2008

Kwako mtani wangu Idd Mshana,

Vipi hali yako na hilo kohozi lako la asubuhi? Mama Kulusumu hajambo? Na mbuzi je, maana kwenu Upareni mbuzi huulizwa hali kabla ya mgeni. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila magoti yananung'unika. Sijakuandikia tangu Krismasi na najua umenisema mlima mzima.

Leo nina habari ya kazini, na hakuna mtu mwingine duniani atakayeielewa. Unajua kazi yangu hapa klabu ya shabaha: matajiri wanakuja kutoboa karatasi, wakimaliza wananiachia masizi. Bunduki zetu nyingi ni zile za Kimarekani, ambazo moshi wa baruti unarudishwa kwa kijibomba chembamba mpaka kwenye bolti yenyewe. Ukizifungua jioni ni sufuria ya mama ntilie. Basi juzi sir, bosi wetu, kaja na sanduku, kaniambia yalla, fungua. Nikafungua. Kwa nje ni ileile ya siku zote. Nikaigawa juu na chini, na humo ndani, mtani, nikakuta pistoni.

Pistoni, kama SMG zetu za jeshini. Moshi unakigonga chuma kichwani, chuma kinaisukuma bolti, masizi yanabaki mbele huko huko. Nilikaa nacho mkononi nikasikia harufu ya karakana yetu: mafuta ya taa, sabuni ya kipande, na wewe ambaye hukupenda kuoga. La ajabu zaidi ni kwamba nusu yote ya chini, kitako, kifyatulio, magazini, mpaka pini, ni vipuri vya ile ya zamani. Unavua kichwa cha kale, unavika kipya, vinakubaliana. Hakuna kusugua wala kubembeleza. Kipuri cha yeyote kinamfaa yeyote.

Nikafanya jambo la kijinga. Nikaidondosha ile pistoni juu ya meza, maana meza yetu ni ya zege kama ile ya kikosini. Unamkumbuka Afande Thuwein alivyokuwa akizipima? Anaiachia kutoka usawa wa kifungo cha shati, anafumba macho, anasikiliza. Ikilia, nzima. Ikitoa sauti ya kikombe cha plastiki, ina ufa, weka kando. "Chuma kilicho hai husema chenyewe, wanangu." Ya hapa ililia vizuri sana. Sir aliruka kutoka kitini akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Akanitazama kama mtu anayemtazama bibi wa mtu mwingine akiongea na kuku wake.

Nikakumbuka ile bunduki yetu, Chotara. Kule Masaka, vita vya Kagera vimekwisha, tumeokota maiti tatu za bunduki zisizofanana hata kidogo, na wewe ukaapa utatoa moja hai. Mtutu wa Mchina, mwili wa Mrusi, kitako ulikichonga mwenyewe kwa mninga. Ukasugua kwa tupa la babu yako mchana kutwa, mimi nikiwa nimekushikia taa na kukutukana. Ilipopiga risasi ya kwanza ulikaa chini kwenye vumbi ukacheka mpaka ukatokwa machozi. Sijawahi kuona mtu mwenye furaha kiasi kile, hata harusini kwako.

Wenye kampuni ya bunduki hiyo mpya walituachia vishikio vya funguo, kila kimoja kina pistoni ndogo ya chuma, unene wa kidole cha mtoto. Chako hicho hapo. Nimekiacha pamoja na barua hii dukani kwa Bi Masuda, pale Al Ras, ambako sisi wa Pwani na Bara huacha mizigo ya wanaokwenda nyumbani. Yule mama wa Kiunguja alikigeuza geuza akasema, "Mwanangu, ndo umtumilie mtu mzima chuma hichi?" Nikamwambia huyo ni mtani, haheshimiwi.

Umeniuliza nitarudi lini. Mkataba unaisha mwakani, inshallah. Usinisukume.

Mtani wako,
Josephat


Usangi, 27 Aprili 2008

Mchaga,

Salamu zimefika, na chuma chako kimefika. Mimi sijambo, alhamdulillahi, na kohozi lipo na linakusalimia. Mama Kulusumu anauliza kama huko Dubai kuna wake wa Kiarabu wanaokufulia, maana barua yako ilinukia udi. Nikamwambia hiyo ni harufu ya duka, lakini hakuamini, na mimi sikujitahidi sana kumwaminisha.

Sasa nikujibu hilo la vipuri. Umefurahi kwa sababu wewe ni Mchaga. Ukiona kitu kinachouzika popote, moyo unakudunda. Sisi Washana ni wafua chuma. Jembe alilolimia babu yako migomba yake lilitoka kwetu Upareni, na lilifuliwa kwa urefu wa mkono wake yeye, si wa jirani. Kitu kinachoingia popote hakina kwao. Chotara yetu ilikuwa na kwao. Ukiitoa bolti yake ukaipeleka bunduki nyingine, inakataa kabisa, inakaa kama bibi harusi aliyepelekwa nyumba isiyo yake. Wewe mwenyewe ulisema siku ile kwamba hii haiwezi kuibiwa, maana mwizi hataijulia. Leo umeona pistoni ya dukani umesahau.

Hata hivyo nimekidondosha hicho kidude chako juu ya jiwe la kunolea. Kinalia. Nikafumba macho nikamwona Afande Thuwein na kifungo chake cha shati kilichokatika. Nilikidondosha tena, halafu tena, mpaka Mama Kulusumu akaniuliza kama nimemaliza kazi zote za nyumba hii.

Nitakiweka. Nyinyi hupimwa kwa sarafu: Mchaga akizimia, mdondoshee shilingi karibu na sikio, asipoamka mkazike. Wewe nitakudondoshea hiki, kwa kuwa shilingi za siku hizi hazina sauti.

Na usidhani nimesahau tulichokubaliana. Tulipokwenda kumzika Afande Unguja, hapakuwa na mtani wake hata mmoja. Watu walilia kwa adabu, wakasoma, wakafukia, wakaenda zao. Wewe ulisema njiani, "Idd, mimi nisizikwe hivi." Nikakuahidi, nawe ukaniahidi. Atakayebaki atakwenda msibani kwa mwenzake na majivu usoni, koti kalivaa ndani nje, atamwigiza marehemu mbele ya wanawe mpaka wacheke, wala hatatoka pale bila ng'ombe. Ahadi hiyo ipo.

Jambo la mwisho. Mama Edna aliniita Kibosho nikaitazame mashine ya baba yako ya kumenyea kahawa, ile ya Mjerumani. Gurudumu limevunjika jino. Dukani hakuna, Moshi hakuna, na hata hao wa Ujerumani nadhani wameshasahau kama waliitengeneza. Jino linachongeka. Lakini nimemwambia shemeji kwamba silichongi mpaka mwenye mashine aje ashike upande wa pili. Kahawa wanamenya kwa jiwe. Mke wako anamenya kwa jiwe, Mchaga, na wewe uko huko unachezea bunduki za watu.

Mtani wako,
Idd


Dubai, 12 Oktoba 2008

Mtani wangu,

Natumaini mvua za vuli zimekukuta umeziba lile tundu la jikoni ambalo umeliziba kwa maneno tangu mwaka juzi. Wasalimie wote. Mimi naendelea, si vizuri sana, si vibaya.

Uliyoandika kuhusu kitu kisicho na kwao yaliniudhi, nikaacha kujibu. Sasa najibu kwa sababu yameniingia.

Tumehamia International City, mbali na mjini, vyumba vya bei nafuu. Majengo yamepewa majina ya nchi. Mimi naishi Uingereza, na dirisha langu linatazama Ufaransa. Tuko wengi chumbani. Kitanda cha chini yangu analala Rogers, kijana wa Kenya, mlinzi wa jengo moja kule Marina, mtoto mzuri ila Kiswahili chake ukikisikia utamshitaki. Mtu akiondoka hapa, shuka halijapoa, kaingia mwingine.

Pale klabuni kaunta alikuwepo binti wa Uganda, Rosette, ndiye aliyekuwa akiwapa wageni bunduki na miwani. Alikuwa akiniletea chai bila kuombwa. Siku moja hayupo, mkataba umekwisha, khalas. Kesho yake kaja mwingine, kapewa fulana ileile, na kifuani bado imeandikwa Rosette. Wateja wanamwita Rosette, na yeye anaitika. Nikamuuliza jina lako hasa nani, mwanangu? Akasema, "Uncle, it's okay, tuache tu hivyo." Nilikwenda mezani kwangu nikaifungua ile bunduki mpya nikaitazama muda. Siipendi tena kama mwanzo. Ni nzuri, haichafuki, wala haijanikosea kitu. Lakini nimeanza kuona kwamba hapa sote ni nusu ya chini, mtani. Kichwa chochote kinatuvaa.

Nazikumbuka siku zetu mpaka najicheka. Nakumbuka ulivyokuwa ukinidhulumu maharage. Nakumbuka kikosi kizima wakijua kwa sauti ya tupa tu kwamba leo anayesugua ni Mshana, si mwingine. Hapa nikikohoa hakuna anayejua ni nani aliyekohoa.

Halafu kuna kitu kimenikaa kifuani upande wa kushoto. Nikipanda ngazi kinanikaba kama kwata la adhabu. Nadhani pistoni yangu imeingia masizi. Nikifa usisahau koti, na ng'ombe usichague mkubwa, mwachie mjane wangu kitu. Mama Edna usimwambie.

Mtani wako,
Josephat


Usangi, 16 Novemba 2008

Wewe Mchaga,

Hatujambo wote, na tundu la jikoni nimeliziba, njoo ukague.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikagundua ugonjwa wako. Unaumwa uvivu. Mchaga hafi kwa kifua, Mchaga hufa akisikia bei ya kahawa imeshuka. Lakini kama umeamua kufa, basi kufa, unangoja nini? Mimi niko tayari. Ng'ombe nimeshamchagua, yule mweusi wa Mama Edna mwenye pembe moja. Majivu ninayo ya kutosha msiba wa mtu mnene. Koti lako la sherehe za jeshi nitalivaa ndani nje, na nimeshajifunza tena ule mwendo wako wa bata, watoto wa hapa wanalipa ndizi kuuona. Fanya haraka kabla ya masika, barabara ya Kibosho huteleza na mimi viatu vyangu ni vya kuazima.

Hayo ya kuwa nusu ya chini ni upuuzi. Nani mwingine angeweza kunishikia taa mchana kutwa na kunitukana bila kurudia tusi?

Kufa salama.

Mtani wako,
Idd


Usangi, 18 Januari 2009

Josephat,

Hujajibu. Nimeshuka mpaka kwa muuza duka mwenye simu, nikalipa, mimi Mpare nikalipa, na mwanamke akaongea Kiarabu, halafu Kiingereza, halafu ikakata. Nimerudia siku nyingine, ni yuleyule.

Ile barua yangu, mtani, ulikuwa ni utani. Nimekaa nikaisoma ya kwako tena, pale uliposema usimwambie Mama Edna. Mtu anayetania hasemi usimwambie mke wangu. Nimechelewa kuliona.

Andika hata mstari mmoja. Nitukane.

Idd


Usangi, 22 Februari 2009

Josephat, ambaye nimeambiwa upo,

Sikuulizi hali, nimeshaambiwa. Nakusimulia niliyoyafanya, kisha ukitaka kunihukumu nihukumu, ingawa unajua sisi Wapare hukata rufaa.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa gulioni Mwanga. Akaja mnunuzi mmoja wa ndizi kutoka Moshi, katikati ya maneno ya bei akasema Kimario wa Kibosho, yule aliyekuwa Dubai, amefariki, wanangoja mwili. Mtani, masikio yangu yaliziba. Sikumuuliza Kimario yupi. Kwangu mimi Kimario wa Kibosho aliye Dubai ni mmoja, ni wewe. Nilirudi nyumbani sikuweza kumwambia Mama Kulusumu, nikaingia jikoni nikachota majivu. Aliponiona nikiyafunga kwenye karatasi alielewa, akakaa chini.

Nilipanda basi alfajiri na ile pistoni mfukoni. Njia nzima nilikuwa nikitaka kulia na nikijikataza, kwa sababu mtani hatangulii kulia, mtani anatangulia kuchekesha. Nikasema moyoni, barua yangu ya mwisho kwake ilimwambia kufa, basi angalau ahadi niitimize sawasawa. Nilipofika kwenye migomba yenu nikajipaka majivu, nikageuza koti, nikaanza mwendo wako. Niliingia uani nikipiga kelele kwa sauti yako, "Mama Edna, nani amehamisha bisibisi yangu?" Nikaenda hadi mlangoni nikaidondosha pistoni kwenye kizingiti. Nikatangaza, "Mchaga huyu haamki, ni maiti kweli, leteni ng'ombe mweusi."

Hapakuwa na msiba.

Hapakuwa na turubai wala waombolezaji. Alikuwepo mke wako peke yake na jiwe la kahawa mkononi. Kimario aliyekufa ni mwingine, wa Umbwe hukohuko Kibosho, kijana fundi wa kuchomelea, Mungu amrehemu. Lakini Mama Edna hakujua hilo. Yeye aliona mtani wa mume wake na majivu usoni, na kwetu hakuna tarishi anayeaminika kuliko huyo. Alitupa jiwe, akapiga yowe. Mara ya mwisho alikusikia Krismasi kwa simu ya mtu mwingine, sauti iko chini, ukamwambia ni mafua. Majirani wakaja. Wanawake wakaanza kufunga kanga kiunoni. Mtu akaenda kumwita katekista. Na mimi nimesimama pale nimevaa koti lako ndani nje, nikiwaambia huenda nimekosea, na kadiri nilivyosema ndivyo walivyozidi kulia, wakidhani huo nao ni utani.

Ni Edna, binti yako, aliyeokoa. Alikuja kutoka Moshi na simu yake, ile namba ya Krismasi akawa nayo bado. Akapokea huyo Rogers. Edna akamuuliza, baba yangu amekufa? Rogers akasema, "Zii, siste, mzee yuko fiti, ametoka hosi jana, amelala hapa. Nani anasema amededi?" Edna akaiweka simu ili wote wasikie. Ukaamshwa. Sauti ikatoka, ndogo kama ya mtoto, ikauliza, "Huyo Mpare amepewa ng'ombe?"

Mke wako alinipiga kwa mwiko. Nimekubali, sikukata rufaa. Kisha alinikalisha akanipa kata ya mbege, akaosha majivu usoni mwangu kwa mkono wake mwenyewe, na hapo ndipo nililia, mbele ya wanawake wote wa Kirima, kijiji chenu kizima, na hakuna aliyenidai faini.

Sasa nakuomba, na ninaomba kama mtu, siyo kama mtani. Rudi. Mimi siwezi kuifanya kazi ile mara ya pili.

Idd


Dubai, 15 Machi 2009

Mtani wangu mpendwa,

Hujambo baada ya mwiko? Mimi sijambo, na safari hii ni kweli. Natembea mpaka msikitini na kurudi, nafika mpaka Ufaransa.

Nilianguka mwanzoni mwa Desemba mezani kwangu, bunduki mpya iko wazi mbele yangu. Hospitalini wakasema ni mshipa wa moyo umeziba. Walifungua njia wakaniwekea humo springi ndogo ya waya, ili njia ibaki wazi. Nilimuuliza daktari kama imetengenezwa kwa kipimo changu. Akasema, mzee, zinatoka kabatini, kuna saizi, yeyote anaweza kuwekewa. Nililala pale nikafikiria ubishi wetu. Kipuri cha yeyote kimo moyoni mwangu, mtani, hakikusuguliwa na tupa la mtu, na ndicho kinachokuandikia barua hii. Hapo utanisamehe, umeshindwa kesi.

Baadaye nikapata homa ya mapafu, ndiyo iliyonichelewesha. Simu yangu ilibaki kabatini klabuni. Nilimkataza Rogers asiseme nyumbani.

Barua yako ya kufa salama ilifika nikiwa wodini. Bi Masuda alimkabidhi Rogers, naye akaifungua ili anisomee, maana mikono yangu ilikuwa na mipira. Akaisoma mwenyewe kwanza. Akaificha. Alikuja kila siku akinitazama kwa huruma nisiyoielewa, mpaka siku niliporudi chumbani akaniambia, "Mzee, kuna jamaa home anakutakia kifo, hadi ameset ng'ombe. Mimi siwezi kukuletea vitu kama hizo hosi. Tuite polisi?" Nikaomba barua. Nilipofika kwenye majivu ya msiba wa mtu mnene nilicheka hata kidonda kikaniuma, nikacheka tena. Rogers akadhani naaga dunia. Nilijaribu kumweleza utani ni nini, kwamba duniani kuna mtu mmoja ambaye amepewa ruhusa ya kunitukana, na akinyamaza huyo ndipo nitajua mambo ni mabaya. Akasema kwao hawana mtu wa hivyo, na kwamba angependa kuwa naye.

Kwa hiyo usijilaumu kwa barua ile. Wiki zote nilizokuwa wodini kila mtu alikuwa mpole kwangu. Sauti za chini, tabasamu, sir alileta tunda. Nilikuwa najiona kama Afande kule Unguja, nazikwa kwa adabu. Kilichoniumiza ni kutokuisoma barua yako mapema.

Klabuni nilikwenda kuchukua simu. Mezani kwangu amekaa kijana kutoka Uganda. Anaifungua bunduki mpya kwa uhodari, hajahitaji kuuliza kitu. Alinisalimia kwa heshima, akanipisha kiti. Nikamwomba pistoni, nikaidondosha kwenye zege, nikamwambia sikiliza. Alisikiliza kwa adabu. Sidhani alisikia. Sir akasema milango iko wazi, huku ameshika kitasa. Kazi zenyewe zimepungua mjini, winchi zimesimama juu ya majengo hazigeuki. Hawakunikosea, mtani. Pengo langu liliziba kabla halijaonekana, ni hivyo tu.

Mwezi Mei nakuja. Nimemwambia Mama Edna. Mwambie asimchinje yule mweusi, huyo ni wako siku nitakayokufa kweli.

Mtani wako,
Josephat


Usangi, 12 Aprili 2009

Mchaga,

Sote wazima. Kesi ya kipuri cha moyoni nimeisikiliza, naipeleka mahakama ya juu.

Nitakuwepo uwanja wa ndege wa KIA siku hiyo na pistoni mkononi. Sitakupokea kwa kusikia maneno tu, nimeshadanganywa mara moja. Ukitokeza mlangoni nitaidondosha sakafuni. Ukiinama kuiokota nitajua ni Mchaga wetu aliye hai. Usipoinama nitajua wametuletea kipuri kingine kilichovaa shati lako.

Idd


Kibosho, 7 Juni 2009

Kwako Idd Mshana, Mpare wa Usangi,

Salamu kutoka nyumbani kwangu, na ni mara ya kwanza baada ya miaka saba kuandika neno hilo juu ya barua. Mama Edna hajambo, anakusalimia kwa mwiko. Usingizi naupata. Ndizi nimekula mpaka daktari akisikia atanirudisha Dubai.

Nimesubiri uandike wewe kuhusu siku ile ya uwanjani. Nimeona hutaandika, basi naandika mimi, ili iwepo mahali.

Nilitokeza mlangoni nasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, watu wa ndege walinilazimisha kwa ajili ya moyo, nimekonda, suruali nimeifunga kwa kamba ya sanduku. Nikaona ndugu zangu wote wamerudi nyuma hatua moja. Edna kafunika mdomo. Nikajua wanaona maiti. Wewe ulikuwa umesimama mbele yao na koti la Idi, mkono uko usawa wa kifungo cha shati, kama Afande. Ukafumba macho, ukaachia.

Ililia, mtani. Sakafu ile ni nzuri. Nilitaka kuinama na ninaapa nilianza, mgongo ukakataa. Lakini kabla sijafika popote, aliyeinama ni wewe. Wewe mwenyewe, kwa ubahili wako, uliona chuma chako kinabiringika kuelekea miguuni mwa watu ukaenda chini nacho. Watu wakacheka, hata mke wangu. Nami nikacheka, mpaka nikaona kwamba huinuki. Pistoni ilikuwa imesimama karibu na kiatu changu, unene wa kidole cha mtoto, na wewe uko chini pale unaitafuta muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mabega yako yalikuwa yakitikisika. Nikajifanya naangalia mizigo. Kisha nikaikanyaga pistoni nisikuruhusu kuinuka haraka, maana na mimi nilihitaji muda.

Ninayo mimi. Nimeining'iniza juu ya mashine ya kahawa. Jana nilikwenda Moshi kwenye duka kubwa la vipuri, nikawaonyesha gurudumu la Mjerumani, kijana akageuza vitabu vyake vyote akaniambia, mzee, hii hakuna.

Njoo na tupa la babu yako. Taa nitashika mimi.

Mtani wako,
Josephat